Vipandikizi vya Matiti na Safari za Angani

Kuna dhana iliyoota mizizi kwamba vipandikizi vya matiti hupasuka ndege ikiwa angani. Dhana hii humhangaisha zaidi mwanamke aliyekatwa titi kwa sababu ya saratani, kisha akarejeshewa umbo kwa upasuaji. (Jina "matiti bandia" nalo linapotosha, kwani kipandikizi hukaa ndani ya mwili wala hakivuliwi.)

Asili ya hofu hiyo ni kanuni ya Boyle ya mwaka 1662: shinikizo likipungua, gesi hutanuka. Ndiyo sababu pakiti ya vibanzi huvimba safarini. Hata hivyo, tangu Thomas Cronin na Frank Gerow walipoweka vipandikizi vya kwanza vya silikoni huko Houston, Marekani, mwaka 1962, vilivyoenea ni vya jeli ya silikoni au maji ya chumvi, navyo havitanuki kama gesi. Isitoshe, ndege ya abiria ikiruka mita 11,000 juu, hewa ya ndani hudumishwa kana kwamba abiria yuko kwenye mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Wakazi wa Addis Ababa huishi karibu na kimo hicho maisha yao yote!

Hatari ya kweli iko kwingine. Baada ya upasuaji mkubwa damu huwa nyepesi kuganda, na kuketi kwa saa nyingi huweza kuzusha donge mguuni, likasafiri hadi mapafuni. Kwa hivyo, daktari mpasuaji ndiye wa kuulizwa siku ya kusafiri, wala si rubani.