SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: KUPAKA MAFUTA NA KUTUNZA JUKWAA LA MBAO LA GHALA



Chama ambacho ghala lake limeinuliwa juu ya ardhi huhitaji jukwaa mbele ya mlango. Hapo husimama mizani, hapo magunia ya pamba, mpunga au choroko hushushwa kutoka mikokotenini, na hapo gari husogezwa kinyumenyume ili lipakiwe. Jukwaa likiwa la saruji, somo hili halilihusu sana. Likiwa la mbao, ni mali ya wanachama inayolala nje juani na mvuani, nayo hudhoofika pasipo mtu kutambua, mpaka siku ubao utakapovunjika chini ya mguu wa mpagazi mwenye gunia begani.

Wengi hudhani kwamba mbao za jukwaa huchakazwa na uzito wa mizigo. Aghalabu sivyo, adui wa kwanza ni maji. Kuvu inayoozesha mti haiwezi kustawi ndani ya ubao mkavu. Huhitaji unyevu wa kiasi cha asilimia 20 au zaidi. Katika sehemu za Puge na Nzega kwa jumla mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei, kisha hufuata miezi ya ukavu. Ubao hunywa maji na kuvimba, kisha hukauka na kunywea, na kwa kurudia hivyo mwaka hata mwaka nyufa hufunguka na misumari hulegea. Jua nalo huvunja ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, ndiyo sababu ubao usiopakwa kitu hugeuka kijivu na kutoa vibanzi. Mchwa huja kumaliza kazi, hasa pale nguzo inapogusa udongo.

Mti wenyewe huamua mengi. Kiini cha mninga au cha mkora hustahimili mchwa na uozo kwa miaka mingi, lakini sehemu nyeupe ya nje, hata ya mninga, huliwa upesi. Fundi akileta mbao zenye ukanda mweupe, Katibu asizipokee kwa bei ya mninga safi. Mbao za msindano, kama zile za mashamba ya Sao Hill, hazifai kwa jukwaa la nje isipokuwa zimetiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo. Dawa ya kupaka kwa brashi haizami vya kutosha.

Sasa tuje kwenye kupaka. Mafundi wa pwani, kule ilikoanzia njia ya misafara iliyopita Tabora hadi Ujiji, hupaka majahazi yao sifa, yaani mafuta ya papa, wala hawajaribu kuuvika mti ngozi ngumu. Mafuta huingia ndani ya ubao na kuyazuia maji, na ubao ukilowa bado hupata njia ya kukauka. Vanishi hufanya kinyume. Hukaa juu kama kioo, jua hupenya humo na kuharibu mti chini yake, kisha vanishi hupasuka, maji huingia na hayatoki. Kwa meza ya ofisi vanishi ni nzuri. Kwa jukwaa la nje ni fedha iliyotupwa.

Kwa jukwaa letu yafaa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ambayo madukani huitwa linsidi. Neno "yaliyochemshwa" lisimdanganye mtu akayateleka motoni. Hununuliwa yakiwa tayari. Yale mabichi huchukua siku nyingi mno kukauka. Chama kinaweza kuyachanganya na kiasi kidogo cha unga mwekundu unaotiwa katika sakafu za saruji, maana rangi hiyo hukinga jua. Ukizidi, utachafua magunia.

Hapana budi tuseme wazi juu ya oili chafu ya magari. Twajua kwamba ni rahisi, na kwamba watu wengi huipaka nguzo zao kwa kuogopa mchwa. Lakini oili hiyo haikauki. Hushika gunia, hupenya hadi kwenye pamba au nafaka, tena ina madini na kemikali zenye sumu zinazoweza kuleta saratani. Tangu ilipotungwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, gunia lililomo ghalani linaweza kuwa limekwisha kuandikiwa stakabadhi, na mwenye stakabadhi ana haki ya kudai mzigo wa daraja lililoandikwa. Doa la oili litalipwa na nani? Vivyo hivyo, makopo ya zamani ya dieldrini au DDT yakionekana katika kona ya stoo yasitumiwe kuulia mchwa. Sumu hizo ziliwekwa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001; yafungiwe na Bwana Shamba aarifiwe.

Wakati wa kazi una utata wake. Mti hukauka vema baada ya mvua, lakini miezi hiyo ndiyo ya ununuzi wa pamba, na jukwaa halina nafasi. Kwa hiyo wakati ufaao ni Septemba au Oktoba, mzigo ukiisha kuondoka na kabla ya mvua za kwanza. Zoeni nyuzi za pamba na vumbi, sugueni kwa brashi ngumu na maji, acheni likauke siku kadhaa, kisha pitisheni msasa penye vibanzi. Pakeni asubuhi mapema au jioni, kwa maana jua kali hukausha mafuta juu kabla hayajazama. Vichwa vya mbao vipewe mafuta mengi, kwani ndivyo vinywavyo maji kuliko upande wowote. Baada ya nusu saa hivi, futeni yote yasiyonywewa, yakiachwa yatanata. Pakeni mara ya pili yale ya kwanza yakiisha kukauka.

Jukwaa la mita 6 kwa mita 3 lina mita za mraba 18. Kwa mipako miwili ni 36. Lita moja ikitosha mita 8 za ubao uliokwanguka, zahitajika lita nne na nusu, na pamoja na vichwa na kingo tuseme lita 6. Hesabu hiyo iingizwe katika makisio ya mwaka.

Kuna hatari moja ambayo Katibu lazima aisimamie mwenyewe. Mafuta ya kitani yanapokauka hunyonya hewa na kutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoteza joto hilo; vitambaa vilivyorundikwa hulihifadhi, likaongezeka saa baada ya saa, mpaka vikawaka moto pasipo kiberiti wala sigara. Pamba iliyolowa mafuta haya ni mbaya zaidi. Fundi asiachiwe kutupa matambara yake nyuma ya mlango wa ghala, wala asipewe pamba ya kufutia. Yote yaloweshwe katika debe la maji lenye kifuniko, au yatandazwe moja moja nje, mbali na ghala, mpaka yakauke kabisa. Yahesabiwe kabla fundi hajaondoka.

Baadaye uangalizi si mgumu. Kila mwezi mjumbe mmoja wa kamati akague chini ya jukwaa na kubomoa njia za udongo za mchwa, na achome ncha ya kisu penye weusi. Kikizama kwa urahisi, ubao huo ubadilishwe. Kati ya ubao na ubao kuwe na nafasi ya unene wa msumari wa inchi 4, na taka zilizojaa humo ziondolewe. Mkitaka kujua kama wakati wa kupaka umefika, nyunyizeni maji: yakisimama matone, mafuta yangalimo, yakinywewa mara moja, yamekwisha.

Kwa majadiliano ya kamati: Je, jukwaa letu lilipakwa nini mara ya mwisho, na imeandikwa wapi? Nguzo zake zimesimama juu ya saruji au udongoni? Na nani atahesabu matambara?