Kipaji Gani cha Kuzaliwa Kimfaacho Mtu Zaidi?



Mtoto azaliwapo katika kijiji kama Masanze, kwenye njia itokayo Kilosa kwenda Mikumi, nyumba hujaa watu kabla jua halijatua. Bibi humpakata, akamtazama sana, akasema, “Macho haya ni ya babu yake.” Shangazi hudakia, “Paji hili la uso ni la mtu wa akili.” Jirani naye husema, “Tazameni mikono hii. Huyu atakuwa na nguvu za kulima.” Mjomba aliyeketi mlangoni hucheka, akasema, “Mwacheni kwanza akue.” Wote wamwombea heri, ila kila mmoja aipima heri hiyo kwa kibaba chake.

Basi twauliza: katika yote ambayo mtu huzaliwa nayo, ni lipi limfikishalo zaidi kwenye maisha ya furaha? Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Mzazi mwenye watoto wanne, na fedha za kumsomesha mmoja tu mbali na nyumbani, hulijibu kwa matendo, hata kama hajapata kulitamka. Humsifu mmoja mbele ya wenzake, humwonea haya mwingine mbele ya wageni. Mtoto huyasikia hayo, akayabeba mpaka uzeeni. Kwa hiyo yafaa tuyapime majaliwa haya moja moja.

1. Mali na jina la ukoo

Hatusemi kwamba mali si kitu. Mama asiye na nauli ya kumpeleka mtoto hospitali hawezi kuambiwa aridhike tu na hali yake. Kukosa chakula, dawa na maji safi huondoa furaha, na ni wajibu wetu sote kuupiga vita umaskini wa namna hiyo. Lakini mtu akiisha kupata ya kumtosha, mali izidiyo haimwongezei furaha kwa kadiri ile aliyoitazamia. Mwaka 1978 wataalamu wa Marekani walitoa habari za watu waliojipatia fedha nyingi kwa bahati nasibu. Walipowalinganisha na watu wa kawaida, hawakuona kwamba wale wa bahati waliwazidi wenzao sana kwa furaha.

Tena mali haina mizizi. Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, nyumba zikabomoka, reli ya kati ikaharibiwa, na maelfu ya watu wakalazimika kuishi katika mahema. Maji hayakuuliza ni nani aliyerithi nyumba ya matofali na ni nani aliyejijengea ya udongo.

2. Uzuri wa sura

Uzuri humfungulia mtu milango mingi, hilo halina ubishi. Walakini mlango uliofunguliwa na sura hauwezi kushikwa wazi na sura peke yake. Mfano mwema tunao kutoka Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya watu waliopata kuwa watumwa, na katika ujana wake alitembeza vyungu akiviuza. Hakuwa na mali, hakuwa na jina la ukoo, na wenye wivu walimtungia maneno ya kumdhihaki kwa kuwa hana uzuri wa sura. Sauti aliyokuwa nayo ilikuwa kipaji cha kuzaliwa, ni kweli. Lakini alikubali kufundishwa, akajifunza kwa subira, na dhihaka haikumvunja moyo. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Wale waliomcheka, majina yao leo hayajulikani.

3. Akili

Hapa wazazi wengi watasema, “Naam, hiki ndicho.” Nasi twakiri kwamba akili ni msaada mkubwa. Lakini tumsikilize mtaalamu mmoja wa Marekani, Lewis Terman. Kuanzia mwaka 1921 alikusanya habari za watoto wapatao 1,500 wa California, wote wakiwa na akili zipitazo za wenzao, nao wakafuatwa mpaka utu uzima. Wengi walifanikiwa katika masomo na kazi, lakini si wote. Walipopimwa waliofanikiwa sana na wale walioanguka, ilionekana kwamba hawakuachana sana kwa akili. Waliachana kwa bidii idumuyo, kwa kujiamini, na kwa malezi waliyopata nyumbani.

Hali kadhalika sisi twawajua vijana waliokuwa wa kwanza darasani, na leo hawasemi na ndugu zao. Twawajua pia wengine waliokuwa wa mwisho, na ugomvi utokeapo kijijini hao ndio waitwao kupatanisha.

4. Afya ya mwili

Afya ni neema kubwa, na aliye nayo huijua thamani yake siku inapomtoka. Lakini hapa pana fundisho la ajabu, nalo latuhusu sana sisi wa nchi za malaria. Wako watu wanaozaliwa na chembe za damu zilizorithi alama ya selimundu, yaani ugonjwa ufanyao chembe hizo zipinde mfano wa mundu. Aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi bila ugonjwa, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alilionyesha jambo hili mwaka 1954 kwa uchunguzi alioufanya katika Afrika ya Mashariki. Lakini aliyeirithi kwa baba na kwa mama hupatwa na ugonjwa wenyewe, pamoja na maumivu makali na upungufu wa damu. Ikiwa wazazi wote wawili wanayo alama hiyo, kila mimba huwa na nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Tazama basi: kitu kile kile ni ngao kwa mmoja na ni mzigo kwa ndugu yake wa tumbo moja. Nani ajivune, na nani alaumiwe? Mtoto wa selimundu hakurogwa, wala mama yake hakukosa lolote. Apimwe mapema, apelekwe hospitali, apewe dawa na maji ya kutosha, wala asifichwe ndani.

Twasema hayo hayo juu ya watoto wenye ualbino. Wamezaliwa na upungufu wa rangi ya ngozi, basi. Wahitaji kofia, nguo ndefu, mafuta ya kukinga jua, na miwani kwa wale wasioona vema. Lililowatesa kupita jua ni ukatili wa watu wenye imani za uchawi, ambao umewaua wengi katika nchi yetu. Hata hivyo mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni Tanzania. Ngozi yake ilikuwa ile ile aliyozaliwa nayo. Kilichokuwa kigeni ni macho ya wale waliomtazama.

5. Moyo mtulivu upendao watu

Sasa twafika kwenye jibu letu. Jaliwa limfaalo mtu kupita yote ni tabia: moyo usiochemka upesi, uwezao kungoja, na unaopenda kukaa na watu.

Wala hatusemi hivi kwa kupendezwa tu na maneno mazuri. Mwaka 1996 David Lykken na Auke Tellegen wa Minnesota walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya mapacha, wengine wakiwa wamelelewa mbalimbali. Waliona kwamba karibu nusu ya tofauti za furaha kati ya watu yatokana na maumbile waliyozaliwa nayo, wala elimu na kipato havikueleza ila sehemu ndogo sana. Huko Dunedin, New Zealand, watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatwa tangu utoto wao. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wale waliojua kujizuia tangu utotoni walikuwa na afya bora, fedha zilizotunzwa vizuri zaidi, na makosa machache mbele ya sheria. Na huko Harvard, katika uchunguzi ulioanza mwaka 1938, ilionekana kwamba waliouingia uzee wakiwa na heri ni wale waliokuwa wakipatana vema na watu wao.

Wazee wetu hawakungoja vitabu hivyo. Kwa Wasagara, Wakaguru na Waluguru, mtoto huzaliwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno katika malezi yake. Tena huzaliwa akiwa na watani tayari. Siku ya msiba mtani huja, husaidia kazi za mazishi, na katikati ya machozi huwachekesha wafiwa. Hakuna mtoto aliye maskini hata asirithi utani. Hii ni hazina ya kuzaliwa, lakini mwenye hasira na kiburi hawezi kuitumia, kwa maana mtani akimchokoza, yeye hutafuta fimbo.

Pengine msomaji atasema, “Mwanangu alizaliwa mkali kama pilipili. Je, amekwisha kupotea?” La, hasha. Ikiwa karibu nusu yatokana na maumbile, iko sehemu kubwa itokanayo na mengine, na malezi ni moja katika hayo. Hata huko Dunedin, watoto waliozidi kujifunza kujizuia kadiri walivyokua waliishi vema kuliko ilivyotazamiwa. Sura haifundishiki, wala wingi wa akili hauongezeki kwa kuhimizwa tu. Bali subira na upole hujifunzwa kila siku, kwenye sahani moja ya ugali, wakati mkubwa anapomwachia mdogo kipande cha mwisho cha samaki.

Kwa hiyo twawashauri wazazi mambo matatu. Kwanza, msiwalinganishe watoto mbele yao kwa sura wala kwa akili. Kila mmoja asifiwe kwa kazi njema aliyoifanya. Pili, mtoto asipewe kila alitakalo papo hapo. Ajifunze kungoja, naye amwone baba akingoja na mama akisamehe. Tatu, mtoto mgonjwa au mwenye kilema aketi pamoja na wenzake mbele ya wageni, apewe kazi aiwezayo, na aitwe kwa jina lake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu, ni mtoto yupi asifiwaye mara nyingi, na ni yupi asiyesifiwa? Kwa nini?

2. Je, tumepata kuuliza hospitali habari za kupima selimundu, hasa kwa vijana wanaotaka kuoana?

3. Ni nani kijijini kwetu tumwonaye kuwa mtu wa furaha? Alizaliwa na nini, na alijifunza nini?

Wazazi wajibu swali la kwanza wenyewe kabla ya kuwauliza watoto. Nadhani jibu lake litawashangaza wengi, na litawafaa kuliko yote tuliyoyaandika hapa.