Meno au Msuguano: Kurekebisha Fokasi ya Darubini

Katika darubini ya lenzi ambayo urefu wake wa fokasi ni mara 8 ya kipenyo, lenzi ya jicho ikihama mahali pake kwa zaidi ya milimita 0.07 hivi, nyota hupoteza ukali wake.

Gurudumu la meno lisukumapo reli yenye meno hubeba mzigo mzito. Lakini nafasi baina ya meno huleta ulegevu kila kifundo kigeuzwapo kinyume.

John Wall wa Crayford, Uingereza, aliuondoa ulegevu huo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Beringi nne huegemeza bomba kwenye mhimili laini, na msuguano pekee hulisogeza. Mzigo ukiushinda msuguano, bomba huteleza.

Basi kamera nzito hufaa meno. Lenzi nyepesi ya jicho, msuguano, ambao hata karakana ya shule yaweza kuutengenezea mtambo wake.