Swichi Janja za Taa: Angalia Ukutani Kabla ya Kwenda Dukani

Wengi wanaotaka kuwasha taa kwa simu huanza na programu: ina muonekano gani, inapokea amri ya sauti au la. Sisi tunakushauri uanze nyuma ya swichi uliyonayo sasa. Kilichomo ndani ya kiboksi cha ukutani ndicho kitakachoamua swichi ipi itafanya kazi na ipi utairudisha dukani.

Je, nyutro ipo?

Swichi ya kawaida haihitaji nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, kwa kuwa kazi yake ni kukata na kuunganisha waya wa moto tu. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya fundi hushusha waya mbili: mmoja unaleta umeme, mwingine unaupeleka kwenye taa. Nyutro inabaki darini. Lakini swichi janja inataka umeme saa zote, hata taa ikiwa imezimwa, la sivyo haitasikia amri yako; ndiyo maana nyingi zinahitaji nyutro.

Mwambie fundi azime mein swichi, afungue swichi moja, kisha ahakikishe kwa kipimo kila waya unatoka wapi. Usikubali jibu la "naona wa bluu, basi nyutro ipo." Palipotumika kebo ya waya mbili, huo wa bluu (au mweusi, kwa nyumba za zamani) mara nyingi ndio unaorudi kwenye taa, na una moto taa ikiwaka. Apime pia kina cha kiboksi. Swichi janja nyingi ni nene, na kiboksi cha milimita 16 hakizitoshi.

Nyutro ikikosekana, zipo swichi zisizoihitaji. Hizo hujipatia umeme kidogo kwa kuupitisha kwenye taa yenyewe, na balbu ya LED ya wati chache inaweza kumetameta au kubaki na mwanga hafifu ikiwa imezimwa. Dawa yake ni kapasita maalumu inayofungwa kwenye taa. Njia nyingine, nasi ndiyo tunayoipenda zaidi, ni kufunga kifaa kidogo janja cha rilei kule juu kwenye taa, mahali nyutro ilipo. Ukutani inabaki swichi ya kawaida, na bibi akija kutembea hahitaji kufundishwa kuwasha taa.

Mizigo ya ng'ambo

Ndugu aliye Marekani akitaka kukuletea zawadi ya swichi, mwombe kitu kingine. Huko umeme wa majumbani ni volti 120, nasi tunatumia takriban 230, na viboksi vyao ni vya mstatili wakati vyetu ni vya mraba. Swichi za Uingereza kwa kawaida zinakubali. Hata mawimbi ya redio yanayotumiwa na vifaa hivi yanatofautiana: mfumo wa Z-Wave wa Marekani hutumia takriban megahezi 908, wa Ulaya 868, na hiyo miwili haisikilizani. Mfumo mwingine, Zigbee ya majumbani, hutumia gigahezi 2.4 karibu kote duniani.

Mfumo mmoja

Swichi nyingi za waifai hazishiki mawimbi ya gigahezi 5, na ruta ndogo inaweza kuzidiwa vifaa vikiwa vingi. Za Zigbee zinahitaji kitovu cha kuziunganisha, ila hupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe. Nembo ya Matter, kiwango kilichotoka mwaka 2022, husaidia vifaa vya kampuni tofauti kuelewana. Vyovyote utakavyochagua, muulize muuzaji: intaneti ikikatika, amri ya simu bado itafika? Na umeme ukirudi usiku, taa zitabaki zimezimwa au zitawaka nyumba nzima?

Dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga, ni ya balbu zilizoandikwa kwamba zinapunguzika mwanga. Panga boi usiifunge kwenye dima ya taa kamwe.

Nunua moja kwanza, uijaribu kwenye chumba kimoja kabla ya kuagiza za nyumba nzima. Na kabla fundi hajagusa waya, akuonyeshe leseni yake. Kwa Tanzania Bara hutolewa na mamlaka ya udhibiti ya EWURA, na kwa Kenya na EPRA.