Mifuko ya hewa na gurudumu linalobaki hewani

SWALI: Fundi, Prado yangu hubeba maji na chakula cha mifugo kutoka Kitengela hadi bomani, ndani ya Kajiado. Nimefunga mifuko ya hewa ndani ya springi za nyuma. Mbona sasa nikivuka korongo gurudumu moja linaning'inia?

JIBU: Umeingia porini na presha ya lami. Hewa ikibanwa huzidi kuwa ngumu. Upande uliopanda jiwe hukataa kukunjika, gari huinama, gurudumu la pili hukosa ardhi. Kushuka kwenyewe kwa gurudumu, mfuko uliokaa huru ndani ya springi hauzuii. Mpaka wa kushuka huko ni shokamzoba.

Ukiiacha barabara ya Namanga, punguza hewa hadi kiwango cha chini cha mtengenezaji, mara nyingi psi 5. Usiitoe yote: mfuko mtupu hujikunja ukatoboka.

Tazama paipu pia. Mifuko ikiunganishwa kwa paipu moja, hewa hukimbia upande wa pili na magurudumu hufuata ardhi vizuri, lakini kwenye kona gari hulala. Kwa maji, mzigo usiotulia, ningetenganisha paipu. Na kwa kufunga mifuko, uzito ulioruhusiwa na kiwanda hauongezeki hata kidogo, msambazaji aseme atakavyo.