Masazo Yasiyowekwa
Somo juu ya maziwa ya mtoto mchanga



Somo letu la mwezi huu ni juu ya kitu kidogo kiwezacho kuuponya uhai au kuupoteza, nacho ni maziwa yaliyosalia katika kikombe cha mtoto mchanga. Jambo hili lawahusu wazazi wote, lakini hasa ninyi mkaao Mgeta, katika milima ya Uluguru, na sababu yake mtaiona hapa chini. Wainjilisti na wasome somo hili pamoja na akina mama, wala wasiwasahau akina baba na akina bibi.

1. Mkate na mana

Katika Yohana 6 twasoma jinsi Bwana Yesu alivyowalisha watu elfu tano, kisha akawaagiza wanafunzi wake waviokote vipande vilivyosalia. Hivyo twajifunza kwamba riziki ya Mungu haitupwi ovyo. Lakini katika Kutoka 16 twasoma habari ya mana. Musa aliwakataza watu kuiweka mpaka kesho yake. Wengine hawakumsikia, nayo ikaingia mabuu na kunuka. Je, Maandiko yapingana? Sivyo. Kila chakula kina amri yake kwa jinsi kilivyo. Mkate ule ulikusanywa. Mana hii haikuwekwa. Basi maziwa ya kopo, yakiisha kukorogwa na maji, ni kama mana: ni chakula cha saa yake.

2. Maziwa ya mama ni ya kwanza

Kabla ya kusema juu ya kopo, yapasa tuseme wazi kwamba hakuna maziwa yapitayo ya mama. Mtoto na anyonye tu, pasipo maji wala uji, mpaka atimize miezi sita. Baadaye apewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hata miaka miwili na kuzidi. Mama aishiye na virusi vya UKIMWI naye aweza kunyonyesha, akimeza dawa zake kila siku na kufuata maagizo ya kliniki. Mwaka 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulitoa kanuni ya kuwazuia wauzaji wasiyasifu maziwa ya kopo mbele ya akina mama, kwa kuwa watoto wengi waliachishwa ziwa bure.

Hata hivyo wako watoto wasio na ziwa. Mama afa katika kuzaa, au yu mgonjwa sana. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mara nyingi mtoto wa namna hii hulelewa na bibi yake mzaa mama. Somo hili ni kwa ajili ya bibi huyo.

3. Kwa nini masazo ni hatari

Unga wa maziwa ulio ndani ya kopo, hata kama ni mzuri, waweza kuwa na vijidudu vichache vya ugonjwa. Katika unga mkavu vijidudu hivi havizaliani. Vikipata maji na joto vyaanza kuongezeka: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, na kwa muda wa saa chache huwa maelfu. Tena mtoto anywapo, mate yake huingia katika kikombe pamoja na vijidudu vya kinywani. Maziwa ya mama yana kinga ndani yake ya kupigana na adui hao. Maziwa ya kopo hayana.

Hapa ndipo watu wa Mgeta wadanganyikapo. Husema, “Nchi yetu ni ya baridi; kabichi na njegere zetu hukaa siku nyingi bila kuharibika, na maziwa haya je, hayatafika asubuhi?” Ndugu, hayafiki. Baridi ifaayo kwa maziwa ya mtoto ni digrii 5 au chini yake, yaani baridi ya jokofu. Chumba cha nyumba ya Nyandira au Tchenzema hakifiki hapo, hata usiku wa mwezi wa Juni na moto umezimika. Wala msingoje maziwa yachache ndipo myaogope. Yaweza kujaa vijidudu, na pua isinuse kitu, wala ulimi usionje kitu.

Liko kosa la pili. Wengine hukoroga maziwa jioni, wakayatia katika chupa ya chai yakae na joto mpaka usiku wa manane. Hivyo ni kuvitengenezea vijidudu kitanda. Katika chupa ya chai na yawekwe maji ya moto peke yake, na unga ubaki katika kopo. Mtoto akilia, ndipo vikutanishwe.

4. Jinsi ya kuyatengeneza

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Chemsha kikombe na kijiko. Kikombe ni bora kuliko chupa ya kunyonyea, kwa maana chupa na chuchu yake ya mpira zina pembe nyingi zisizosafishika.

Pili, chemsha maji mpaka yatokote kabisa. Katika milima yenye urefu wa mita 1,500 maji huchemka yapata digrii 95, wala si 100. Hili lisiwatie hofu. Unga wataka maji yasiyopungua digrii 70, kwa maana moto huo ndio uuao vijidudu vilivyomo. Maji yakiwa lita moja, yasipoe zaidi ya nusu saa kabla ya kukorogwa. Yakiwa machache, au pakiwa na baridi, yakorogwe mapema zaidi.

Tatu, pima unga kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo, kama ilivyoandikwa juu yake. Usipunguze unga ili kopo lidumu. Mtoto anyweshwaye maziwa mepesi ameshiba maji, naye hukonda machoni petu.

Nne, poza maziwa kwa kukisimamisha kikombe ndani ya maji baridi yasiyofika ukingoni. Dondosha tone juu ya kifundo cha mkono wako; likiwa vuguvugu tu, mnyweshe.

Tano, tengeneza kidogo. Mtoto wa mwezi wa kwanza hunywa kama mililita 60 kwa mara moja, mara nane kwa siku. Wa mwezi wa nne kama mililita 120, mara sita. Mwenye kupima vema hana masazo mengi.

5. Amri za kuweka

Maziwa yaliyokorogwa na yasiyoguswa na mtoto yatumiwe kabla ya saa mbili kupita. Mtoto akiisha kuanza kunywa, yasikae zaidi ya saa moja. Yaliyosalia yasiwekwe, yasichemshwe tena, wala yasichanganywe na mapya. Mtu mzima na ayanywe papo hapo, au yamwagwe.

Mwenye jokofu aweza kuyapoza upesi mara yakiisha kukorogwa na kuyaweka humo muda wa saa 24, si zaidi. Atakapoyapasha moto isipite dakika 15, kisha yatumiwe kabla ya saa mbili kupita. Umeme ukikatika muda mrefu, maziwa hayo yasitumiwe.

Kopo lililofunguliwa lifunikwe vema, likae pakavu, na unga wake uishe kwa muda wa mwezi mmoja.

6. Maziwa ya mbuzi

Mgeta imebarikiwa mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, walioletwa katika miaka ya 1980 kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Maziwa yao ni mazuri kwa watoto, lakini si kwa mtoto asiyetimiza miezi sita: yana chumvi nyingi mno kwa figo zake, na yapungukiwa na vitu vya kujenga damu. Baada ya miezi sita apewe pamoja na vyakula vingine, nayo yachemshwe kila mara, maana maziwa mabichi huleta homa.

7. Wajibu wa usharika

Mtoto asiyenyonya hutumia kama kilo 20 za unga katika miezi sita ya kwanza, yaani makopo 40 ya gramu 500. Bibi auzaye mboga siku ya soko atayapata wapi? Kwa hiyo huweka masazo, na kwa hiyo hupunguza unga. Hafanyi hivyo kwa uvivu wala ujinga, bali kwa kubana matumizi, jambo ambalo sisi wenyewe tulimfundisha kuwa ni jema. Tukimwambia, “Mwaga,” tusimletee kopo, tumemtwika mzigo tusiougusa kwa kidole. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliieleza amri ya tano kuwa haikatazi kuua tu, bali yatutaka kumsaidia jirani katika kila haja ya mwili. Basi wazee wa usharika na wajue ni nyumba ipi ina mtoto asiye na mama, na sadaka ifike huko kabla kopo halijaisha.

Mtoto akiharisha, akitapika au akikataa kunywa, msingoje kesho. Mpelekeni zahanati siku ile ile.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini vipande vya mkate vilikusanywa, lakini mana haikuwekwa?
2. Kwa nini baridi ya Mgeta haitoshi kuhifadhi maziwa ya mtoto?
3. Chupa ya chai yafaa kuwekwa nini, na haifai kuwekwa nini?
4. Je, katika mtaa wetu yuko mtoto anyweshwaye maziwa ya kopo? Nani atakwenda kumwona juma hili?

Bwana awape hekima na mikono mikunjufu.