Kutoka cheti cha ufundi hadi karakana yako: mwongozo kwa vijana wa Kasulu na Kibondo

Kwa miaka mingi jina la Mtabila, wilayani Kasulu, lilikwenda na kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofungwa Desemba 2012. Leo vijana wanaitaja zaidi kwa kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kila JKT linapotangaza nafasi za kujitolea, husema wazi kwamba halimtafutii kijana ajira, bali humfundisha stadi ili akitoka ajiajiri. Kujiajiri huko kuna hatua zake, na anayezifahamu mapema huokoa muda na fedha.

Wapi pa kusoma

Si lazima upitie jeshini. Kasulu na Kibondo kila moja ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi (FDC), na VETA ina vyuo mkoani Kigoma. VETA hutoa vyeti vya ngazi ya kwanza hadi ya tatu, pamoja na kozi fupi. Kama umejifunza kazi kwa fundi wa mtaani, usidhani ni lazima uanze upya: VETA ina utaratibu wa kuupima ujuzi wa aina hiyo na kuutolea cheti.

Chagua fani kwa kuangalia wateja

Kabla ya kujaza fomu, pita sokoni na madukani uulize ni kazi gani watu wanaipeleka mbali kwa kukosa fundi wa karibu. Tangu gridi ya Taifa ilipofika wilaya hizi mwaka 2022, uchomeleaji na ufungaji umeme majumbani vina nafasi kuliko zamani. Ushonaji, useremala na ufundi pikipiki vina wateja wa kila siku, lakini ushindani wake ni mkubwa. Ukimaliza chuo, fanya kazi kwanza chini ya fundi mwenye karakana. Hapo utajifunza mambo ambayo darasani hayapo: wateja wanaokopa, wauzaji wa malighafi na miezi ambayo kazi hukauka.

Bei ndiyo inayoua karakana

Tuseme kitanda kimekula mbao za Sh70,000, misumari na vanishi Sh15,000 na usafiri Sh5,000. Jumla ni Sh90,000. Fundi anakiuza Sh110,000 na kujiona amepata faida ya Sh20,000. Lakini amekitengeneza kwa siku mbili. Akijilipa Sh10,000 kwa siku, fedha hiyo yote ni ujira wake. Bado kodi ya banda, umeme na uchakavu wa vifaa, tuseme Sh10,000. Kitanda hicho kimemtia hasara ya Sh10,000, na mashine ikiharibika hatakuwa na fedha ya kununua nyingine. Jiandikie ujira wako kama gharama, kisha ndipo uweke faida.

Usajili na kodi

Sajili jina la biashara BRELA kwa njia ya mtandao, chukua namba ya mlipakodi (TIN) TRA, kisha uulizie leseni halmashauri. Nunua daftari la kumbukumbu za mauzo siku hiyohiyo. Kwa mfanyabiashara mdogo, mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato. Yakiwa kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni, asiye na kumbukumbu hulipa Sh100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi Sh4 milioni. Aliyeuza Sh5 milioni, basi, atalipa Sh30,000 tu kwa sababu ya daftari lake. Viwango hubadilika, hivyo hakikisha TRA kila mwaka wa fedha.

Mtaji na kazi za Serikali

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana hukopeshwa kwa vikundi, kwa hiyo wenzako wa darasani wanaweza kuwa washirika wako. Wachague kwa uaminifu kabla ya urafiki. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, hushauri kuhusu mashine na uendeshaji wa biashara.

Usisahau zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi huo kwa makundi maalumu, vijana wakiwamo, na zabuni hizo hutangazwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Madawati ya shule na sare za wanafunzi ni kazi ambazo kikundi kidogo kilichosajiliwa kinaweza kuziomba. Anza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako: huyo ndiye anayejua masharti ya mkopo na taratibu za kusajili kikundi.